Sakafu: Historia ya Neno na Dhana Yake Bukoba na Muleba

Mfasiri anapotakiwa kueleza namna ya kuipa sakafu ya zege rangi au sura ya mbao, ili chumba kisiwe na ubaridi, hukutana na maneno yenye historia ndefu. Yafaa historia hiyo itazamwe kabla ya kuunda istilahi mpya.

Neno sakafu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa. Mabadiliko hayo si ya ajabu. Katika nyumba za mawe za pwani, paa lilikuwa bapa, limejengwa kwa boriti, mawe na chokaa iliyopondwa. Na paa la chumba cha chini ndilo lililokanyagwa na wakaao orofani. Saruji nayo, ambayo asili yake ni Kiajemi, ilikuwa mchanganyiko wa chokaa kabla ya kuwa jina la unga wa kiwandani. Hivyo maneno yote mawili yalifika bara yakiwa yamebeba dhana ya ugumu wa jiwe.

Huko Bukoba na Muleba yalikuta ujenzi wa namna nyingine. Msonge wa Wahaya, ulioezekwa kwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi, ulikuwa na sakafu ya udongo iliyotandazwa nyasi. Katika nchi hiyo ya mvua nyingi, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nyasi hizo zilikuwa pambo la nyumba na kinga ya miguu kwa wakati mmoja. Fedha za kahawa zilipoleta nyumba za pembe nne, mabati na saruji, nyasi zilitoweka na ubaridi ukabaki. Mikeka na nta nyekundu ya sakafu vikashika nafasi yake. Rangi ya mbao ya siku hizi ni mrithi wa desturi hiyo.

Hapa ndipo usahihi unapohitajika. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu nyumba nyingi mkoani Kagera, na kujenga upya huhitaji mikataba. Mkataba ukisema tu “sakafu ya mbao”, mwenye nyumba aweza kutarajia mvule, na fundi akaleta rangi.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba sakafu ya mbao iwe ile iliyotandikwa mbao halisi. Sakafu ya rangi ya mbao iwe zege lililopakwa rangi. Na vigae vya sura ya mbao vitajwe kwa jina hilo. Aidha, tusiseme kwamba rangi “hutia joto”. Rangi huchangamsha macho. Mbao, mkeka na nyasi ndivyo huzuia baridi ya zege isifike mguuni. Mambo haya mawili msonge uliyaunganisha. Mfasiri hana budi kuyatenganisha.