Miiko ya ukalimani wa lugha ya alama Masasi na Newala

KIZIWI anayefika zahanati ya kijijini wilayani Newala, au mahakama ya mwanzo wilayani Masasi, mara nyingi hufuatana na mtu: mama, dada, mtoto wa shule au jirani. Huyo ndiye mkalimani wake, ingawa hakusomea kazi hiyo. Katika mazingira hayo miiko ya ukalimani si suala la adabu tu, bali ni suala la tiba, haki na fedha.

Miiko yenyewe ina historia. Chama cha wakalimani cha Marekani, RID, kilianzishwa mwaka 1964, na chama cha dunia, WASLI, kiliasisiwa Montreal, Kanada, mwaka 2003. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unawataja katika ibara ya 9 wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9.

Mwiko wa kwanza ni siri, nao ndio mgumu kuliko yote katika miji midogo. Mkalimani wa Dar es Salaam akimaliza kazi hospitalini huenda asikutane tena na mgonjwa wake. Wa Newala atakutana naye sokoni kesho yake, msibani wiki ijayo. Kwa hiyo kutotaja jina hakutoshi. Anayesimulia habari za “mama mmoja kiziwi wa Kitangari” amekwisha kumtaja, kwa kuwa wasikilizaji wanamfahamu. Hata kwamba mtu huyo alionekana kliniki ni siri, sembuse majibu ya vipimo vya Virusi vya Ukimwi.

Hapo ndipo ukalimani wa ndugu unapoleta matatizo. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mambo ya mwili hufundishwa jandoni na unyagoni, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Mama anayelazimika kumweleza mganga maradhi ya uzazi kupitia kwa mwanawe wa kiume atasema nusu, na mganga atatibu hiyo nusu. Mgonjwa aulizwe kwanza anamtaka mkalimani wa jinsia gani, na kama ndugu aliyemleta abaki chumbani au asubiri nje.

Mwiko wa pili ni usahihi. Kiziwi akisema “ninaumwa”, mkalimani hutamka “ninaumwa”, si “anasema anaumwa”. Vilevile mganga husema “kunywa dawa hii mara mbili”, huku akimtazama mgonjwa, badala ya kumgeukia mkalimani na kusema “mwambie anywe”. Utaratibu huu huwashangaza wauguzi wasiouzoea, hivyo mkalimani mwenye uzoefu huueleza kabla ya kuanza. Neno la kuudhi nalo hufasiriwa kama lilivyotamkwa. Mkalimani anayelainisha matusi kwa nia njema anamnyima kiziwi nafasi ya kuyajibu.

Mahakamani uzito unaongezeka. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama. Lakini kinachoandikwa na hakimu ni maneno ya mkalimani. Jamaa wa mlalamikaji au wa mshtakiwa hafai kushika nafasi hiyo, hata kama ndiye pekee kijijini anayemwelewa kiziwi huyo.

Msimu wa korosho una mtihani wake. Katika minada ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, bei hutangazwa na wakulima huulizwa kama wanairidhia. Mkulima kiziwi anapaswa kupata bei ya kila kilo, daraja la korosho na makato, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kunyoosha mkono. Mkalimani anayemfupishia kwa ishara ya “bei nzuri, kubali” amempigia kura.

Mavazi hayahitaji maelezo mengi: nguo ya rangi moja inayotofautiana na rangi ya ngozi, bila vitenge vya maua wala bangili. Mkalimani husimama karibu na msemaji, mwanga usiwe nyuma yake. Katika mkutano mrefu wakalimani wawili hupokezana, kwa kawaida kila baada ya dakika 20 hivi, maana akili ikichoka makosa huanza.

Mwiko wa kukataa kazi usiyoiweza ulijulikana duniani kote Desemba 2013, Johannesburg, katika ibada ya kumbukumbu ya Nelson Mandela, pale mkalimani aliyesimama kando ya marais alipoonyesha ishara ambazo viziwi hawakuzielewa. Kusini mwa Tanzania swali hili lina sura nyingine. Lugha ya alama nchini imekulia katika shule za viziwi, ya kwanza ikiwa ile ya Tabora iliyofunguliwa mwaka 1963. Mtu mzima ambaye hakupelekwa shule hutumia ishara za nyumbani, zinazoeleweka na watu wa kaya yake tu. Mkalimani aliyehitimu akikutana naye anapaswa kukiri kwamba hamwelewi, kisha aombe kiziwi mwingine mzoefu, au ndugu asiye na masilahi, awe daraja kati yao. Kuitikia kwa kichwa na kubahatisha ni hatari zaidi kuliko kuahirisha shauri.

Malipo nayo hupangwa kabla ya safari, hasa kwa mkalimani anayepanda mlima kutoka Masasi hadi Newala kwa kazi ya saa moja. Mlipaji anayefaa ni ofisi iliyomwita, si kiziwi. Asikubali kamwe kulipwa fungu la fedha za korosho alizozifasiria bei, kwani tangu hapo atakuwa na sababu ya kutaka mauzo yapite.