Kusoma Maandiko Matakatifu katika Jumuiya: Visima vya Isaka

Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Ufunuo wa Mungu, Dei Verbum, iliyotangazwa tarehe 18 Novemba 1965, yatutaka tutafute kwanza alichokusudia mwandishi mtakatifu, kisha tulisome kila fungu katika umoja wa Maandiko yote na Mapokeo hai ya Kanisa. Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo hatua hiyo ya kwanza ndiyo inayorukwa mara nyingi. Somo likiisha, mara kila mmoja aeleza lilivyomgusa.

Tuitazame sura ya 26 ya kitabu cha Mwanzo. Wafilisti wamevifukia visima vya Abrahamu. Isaka anavifukua na kuvirudishia majina yake ya awali. Kisima kipya kinagombewa, naye anakiita Eseki, yaani ugomvi. Cha pili nacho kinagombewa. Anakiita Sitna, yaani uadui. Cha tatu hakigombewi, nacho kinaitwa Rehobothi, yaani nafasi.

Msomaji wa Chamwino hahitaji maelezo marefu hapa. Anajua kuchimba maji katika mchanga wa korongo wakati wa kiangazi, na anajua ndoo na ng'ombe wanapokutana penye shimo moja. Lakini ujuzi huo una mtego wake: kila upande hujiona ndio Isaka, na jirani huwa Mfilisti. Mkulima na mfugaji wanaogombea maji wanaweza kutoka kwenye sala wakiwa wamepata silaha mpya.

Tukiisoma sura nzima, mambo hayako hivyo. Inaanza na njaa. Isaka si mnyonge: ana makundi makubwa ya mifugo, na mfalme Abimeleki anamwambia aondoke kwa kuwa amekuwa na nguvu kuliko wenyeji. Mwishoni mfalme huyohuyo anamwendea. Isaka anamlalamikia kwa kumfukuza, kisha anamwandalia karamu, wanaapiana na kuagana kwa amani. Siku hiyohiyo watumishi wanaleta habari: maji yamepatikana. Kwa maoni yetu, anayeishia kwenye mstari wa 22 amelipoteza somo.

Basi katekista aisome sura yote nyumbani kabla ya siku ya Jumuiya, na ahakikishe Biblia yake ina vitabu vyote 73, pamoja na maelezo ya chini ya ukurasa. Dominika ya Neno la Mungu, iliyowekwa na Papa Fransisko mwaka 2019, huangukia Januari, wakati wa shughuli za shamba. Maandalizi yaanze mapema, mvua zikiwa bado.