Majumba ya Afisi Yaliyogeuzwa Makao

Ukitazama ramani ya mji wa New York, huko Marekani, utaona kisiwa chembamba kiitwacho Manhattan. Katika ncha yake ya kusini ndipo Waholanzi walipofanya makao yao katika miaka ya 1620, na mwaka 1653 wakajenga ukuta upande wa kaskazini ili kujikinga na adui. Ukuta huo ulibomolewa zamani, lakini jina lake limebaki katika njia iitwayo Wall Street, yaani Njia ya Ukuta.

Baadaye mabenki na makampuni yalijaa pale, na wenyeji wakahamia sehemu nyingine za mji. Katika karne ya 20 mahali hapo pakawa pa kazi tu. Mchana watu walisongamana kama siafu. Jioni afisi zilipofungwa, njia zilinyamaza.

Mwezi wa Oktoba 1987 bei za hisa zilianguka ghafula. Makampuni mengi yalipunguza watumishi, na mengine yakahamia katikati ya kisiwa, kwenye majengo mapya zaidi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, zaidi ya sehemu moja katika tano ya afisi za kusini ilikuwa tupu.

Huenda ukauliza, msomaji: ikiwa afisi ni tupu na watu wanatafuta nyumba, kwa nini wasiingie tu? Jambo hili si jepesi kama lionekanavyo. Afisi huwa na vyoo vichache karibu na lifti, lakini kila nyumba huhitaji jiko, bafu na mabomba yake. Tena chumba cha kulala hakina budi kuwa na dirisha, na jengo likiwa pana mno, katikati yake huwa giza. Kwa bahati njema, majengo mengi ya zamani yalijengwa wakati ambapo makarani walitegemea mwanga wa jua, na kwa hiyo yalifaa zaidi. Hata hivyo, gharama ya kuyageuza ilikuwa kubwa, na wenye majumba walisitasita.

Basi mwaka 1995 sheria ilitungwa kuwavuta. Mwenye jumba akiligeuza kuwa makao, alisamehewa sehemu kubwa ya kodi ya majengo kwa muda upitao miaka 10. Wengi walikubali. Jengo la Broad Exchange, lenye orofa 20, lililokamilika mwaka 1902, liligeuzwa makao mwaka 1997. Hata ilipofika mwaka 2006, mlango ulipofungwa kwa waombaji wapya, nyumba zaidi ya 12,000 zilikuwa zimepatikana kwa mpango huo. Taa zikawaka madirishani usiku, na watoto wakaonekana katika njia ambazo zamani zilikuwa za makarani peke yao.

Hapa nakuomba usimame kidogo, ufikiri. Watu wengi hudhani ya kuwa kodi iliyosamehewa si fedha iliyotolewa. Lakini mwanafunzi mmoja akisamehewa karo, walimu hawaachi kulipwa mshahara. Pengo lile lazima lizibwe na mtu mwingine. Vivyo hivyo, kodi waliyosamehewa wenye majumba ilikuwa mali ya umma. Je, umma ulipata nini badala yake?

Sheria ilisema ya kwamba, muda wote wa msamaha, pango la nyumba hizo lisipandishwe kupita kiasi kilichowekwa, na wapangaji wawe na haki ya kuendeleza mikataba yao. Wenye majumba wengi walishika njia nyingine. Walitaja sheria ya mwaka 1993, ambayo iliziachilia nyumba za pango la dola 2,000 kwa mwezi au zaidi, wakasema kwamba nyumba zao zimo katika hizo. Hivyo walipokea msamaha kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakayasukuma masharti yake. Wapangaji walishtaki. Mwezi wa Juni 2019 mahakama kuu ya rufani ya jimbo la New York iliamua ya kuwa wapangaji wana haki: jengo lipokealo msamaha hufungwa na masharti yake. Lakini hesabu miaka, msomaji. Tangu 1995 hadi 2019 ni miaka 24; wapangaji wangapi walikuwa wamekwisha kuhama?

Tena mpango ule haukudai hata nyumba moja itengwe kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Kasoro hii ilirekebishwa katika sheria mpya ya mwaka 2024, itakayo robo ya nyumba katika kila jengo lisamehewalo zipangishwe kwa pango linalolingana na kipato cha watu wasio matajiri.

Si haki kusema kwamba msaada wa kwanza ulipotea bure, maana sehemu ya mji iliyokuwa ikifa ilifufuka. Lakini wazee wetu walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Siku moja huenda wewe ukaketi barazani ambapo mali ya umma hugawanywa. Kabla ya kuinua mkono kukubali, uliza masharti yameandikwa wapi, nani atayasimamia, na nani atafaidi. Maswali hayo huulizwa kwa urahisi siku ya kwanza. Baada ya miaka 24, majibu yake hutafutwa mahakamani.