Jembe la Jumamosi Nyakabanda

Mvua ikinyesha Mlima Kigali, Nyakabanda ni miongoni mwa mitaa inayoyapokea maji mapema. Yanateremka kutoka kwenye mikaratusi ya mlimani, yanapita kati ya mapaa ya mabati na vichochoro vya ngazi, na yakifika chini yameshabeba udongo mwekundu, chupa za plastiki na kandambili ya mguu mmoja. Safari yao inaishia bonde la Nyabugogo, penye kituo kikubwa cha mabasi, ambapo mafuriko si habari ngeni. Kwa hiyo mtaro ulioziba mbele ya mlango wa mtu wa Nyakabanda unaweza kuwa balaa la mfanyabiashara wa bondeni asiyemjua hata kwa sura. Huwezi kuielewa historia ya kutunza maeneo ya pamoja hapa usipoanza na huo mteremko.

Nyakabanda ni umurenge, ngazi ambayo Mtanzania angeiita kata, katika Wilaya ya Nyarugenge, Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Ina tugari nne, yaani sehemu za ngazi iliyo chini ya umurenge: Nyakabanda ya Kwanza na ya Pili, Munanira ya Kwanza na ya Pili. Imepakana na Nyamirambo, na Kiswahili kinasikika upande huu wa Kigali kuliko pengine popote mjini. Wakati wa Wabelgiji, Waislamu na wafanyabiashara waliokuja na Kiswahili chao walitengewa makazi yao Biryogo, na upande huu wa mji ukatanuka kutoka hapo kupanda vilima. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962 Kigali ilikuwa na watu 6,000 hivi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,745,555. Wengi wa waliokuja katikati ya tarakimu hizo mbili walijijengea wenyewe, tofali juu ya tofali, palipopatikana pa kujenga.

Tofauti kati ya mtaa wa namna hii na nyumba zilizojengwa na halmashauri inaanzia hapo. Kaloleni ya Nairobi, iliyojengwa miaka ya 1940, ilichorwa kama mji wa bustani: nyumba zimezunguka majani, ukumbi wa jamii uko katikati, na mwenye nyumba ni mmoja, manispaa. Kufyeka nyasi ilikuwa kazi ya mwenye nyumba. Manispaa ilipoishiwa nguvu, nyasi zikakosa mwenyewe, na sehemu kubwa ya uwazi ule imemezwa na mabanda ya mabati. Nyakabanda haikuwahi kuwa na mwenye nyumba mmoja wa kumlalamikia. Kila mtu alikuwa na kiwanja chake, na kilichobaki katikati, yaani njia, ngazi, kingo na mitaro, hakikuwa cha mtu yeyote. Kilihitaji mkono, na mkono ulikuja kwa amri.

Kazi ya pamoja yenyewe ni ya zamani kuliko amri hiyo. Wanyarwanda waliitana kulima shamba la mgonjwa au kumjengea jirani, na mwisho wa kazi palikuwa na pombe. Waganda wana bulungi bwansi, Watanzania wanaujua msaragambo. Ukoloni uliivuruga desturi hiyo kwa kuweka kando yake kazi ya shuruti: barabara, matuta, mizigo, na kiboko kwa aliyechelewa. Jembe lile lile lilianza kubeba maana mbili, na watu hawakuisahau ile ya pili.

Juvénal Habyarimana alitwaa madaraka Julai 1973. Tarehe 2 Februari 1974 akatangaza umuganda kuwa kazi rasmi ya taifa: nusu siku kila wiki, bila malipo, kila mtu mzima. Jirani yake Mobutu alikuwa na salongo yake huko Zaire, kwa hiyo fikra hiyo ilikuwa hewani katika ukanda mzima. Mwaka uliofuata chama cha MRND kikaanzishwa, na umuganda ukawa chini ya viongozi waliokuwa wa chama na wa serikali kwa pamoja. Matuta yalichimbwa, miti ikapandwa, shule zikajengwa. Ukizungumzia faida za kazi ile hukosi ushahidi. Lakini aliyehesabu waliofika ndiye pia aliyejua nani hakufika, anaishi wapi, na pamoja na nani.

Makala nyingi za kuusifu usafi wa Kigali huruka ukurasa unaofuata. Sioni jinsi ya kuuruka. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, viongozi wa maeneo waliwaita watu wakaue kwa njia zile zile walizozoea kuwaitia kazini, na kwa lugha ile ile: kazi, kufyeka vichaka. Zana zilikuwa zile zile pia. Mauaji yalipokwisha, si ajabu kwamba wengi hawakutaka kusikia tena mtu akiwaita watoke nje na panga.

Umuganda ulirudishwa mwaka 1998, katika nchi iliyokuwa na upungufu wa karibu kila kitu isipokuwa kazi ya kufanya. Safari hii ulikuwa mara moja kwa mwezi. Sheria ya Novemba 2007 ikauwekea mipaka: Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi, saa zisizopungua tatu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Asiyefika bila sababu anaweza kutozwa faini isiyozidi faranga 5,000. Nazitaja takwimu hizi kwa sababu wageni hupenda kuueleza umuganda kama moyo wa kujitolea uliochipuka wenyewe, na wapinzani wake huueleza kama kambi ya kazi. Wote wawili wangefaa kuisoma sheria. Ina shuruti, na ina ukomo wa shuruti hiyo.

Asubuhi hiyo maduka hufungwa na magari hupungua barabarani. Watu hutoka na walicho nacho: jembe, fyekeo, karai, ufagio wa chelewa. Mtaro huzibuliwa kuanzia chini kwenda juu, maana ukianza juu unamsukumia taka aliye chini yako. Tope huchotwa kwa sepeto na kumwagwa pembeni likauke. Penye ukingo ulioliwa na mvua, hupandwa paspalumu, jani gumu linalotambaa ambalo limeenea kandokando ya barabara za Kigali nzima. Halipandwi kwa mbegu. Unachukua vipande vyenye mizizi, unavipachika udongoni kwa nafasi ya kiganja, na baada ya mvua za kutosha vimeshikana vikafunika ardhi. Ni jani la mapambo, watu wa bustani watakwambia, lakini mteremkoni kazi yake kubwa ni kushika udongo usihame.

Kazi ikiisha, hakuna anayeondoka. Watu hukaa, na huu ndio muda ambao kwa maoni yangu umeitunza Nyakabanda kuliko majembe. Kiongozi wa umudugudu, ngazi iliyo chini ya kagari, hufungua kikao. Hapo ndipo panapoulizwa nani ameelekeza maji ya choo kwenye mtaro, taa ya kona imeungua tangu lini, fedha za ulinzi wa usiku zimekwenda wapi, bima ya afya nani hajalipa. Rwanda ina imidugudu 14,837, na chini ya kila mmoja kuna isibo, kundi la nyumba chache tu. Katika kundi dogo namna hiyo, aliyetupa taka bondeni usiku hujulikana kabla ya saa nne asubuhi. Baadhi ya watu huona jicho hilo ni la karibu mno. Hawajakosea, hasa wakikumbuka miaka ya nyuma. Ila ni jicho hilo hilo linalojua kwamba ngazi ya nyuma ya kioski imebomoka na bibi wa nyumba ya tatu hawezi kushuka kwenda sokoni.

Tusiseme pia kwamba jembe la mara moja kwa mwezi ndilo linaloupa mji sura yake. Mwaka 2008 Kigali ilipata tuzo ya heshima ya UN-Habitat, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Sifa zikaenda kwa umuganda. Kumbe barabara za lami hufagiliwa karibu kila siku na watu wenye ajira, wengi wao wanawake waliovaa vizibao vya kung'aa, wameinama na fagio kabla jua halijapanda. Taka za majumbani huchukuliwa na makampuni na vyama vya ushirika, na kila kaya hulipa ada ya mwezi. Wageni hupigwa picha kwenye umuganda, waziri akiwa na koleo. Ni mara chache kumwona mgeni akimpiga picha mfagiaji wa Jumanne.

Korona ilipoingia Machi 2020 mikusanyiko ilizuiwa, na umuganda ukasimama pamoja nayo. Mvua hazikusimama. Ulipoanza tena, mitaro ilikuwa inaungoja.

Sasa jambo jipya linapanda kutoka chini ya mlima. Katika mtaa jirani wa Gitega, kando ya korongo la Mpazi, makazi ya zamani yanabadilishwa kuwa maghorofa ya matofali ya kuchoma. Mwenye kiwanja haondolewi kupelekwa nje ya mji. Anatoa ardhi yake, anapewa nyumba ghorofani pale pale. Serikali ya mji inahusika, na mradi wa kuboresha makazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia umelifikia eneo hilo. Hivyo watu hao wanakuwa na ngazi ya pamoja, ua wa pamoja, mahali pamoja pa kuanikia nguo na pa watoto kuchezea. Aliyekuwa na mti wake wa parachichi mlangoni sasa anaugawana uwazi na familia za juu na za chini yake.

Kwa nyumba za namna hiyo Rwanda ina sheria tangu mwaka 2010, inayotaka wenye nyumba wa jengo moja wawe na chama chao cha kusimamia vitu vya pamoja, na kukichangia. Hiyo ni njia ya fedha: unalipa, mtu anafagia. Umuganda ni njia ya jembe: unatoka, unafagia mwenyewe, kisha unakaa kikaoni. Hakuna anayeweza kukataa mojawapo, kwa kuwa zote mbili ni sheria. Asiye na kipato cha uhakika atalemewa na mchango wa kila mwezi kuliko saa tatu za Jumamosi, na mwenye kazi ya mshahara ataona kinyume chake. Katika vikao vya majengo hayo ndiko hesabu hiyo itakakopigwa, na Nyakabanda, ambayo miteremko yake ni ya aina ile ile, ina sababu ya kutega sikio.