Leo ni Zamu ya Nani Kutoka Nje?

Hebu fikiria: unga umeisha, na serikali imetangaza kuwa leo ni siku ya wanawake kwenda dukani. Wewe ni mwanamke, unaishi hivyo miaka yote, na mtaa mzima unakujua hivyo. Lakini kitambulisho chako kimeandikwa "mwanamume". Utatoka leo au utasubiri kesho?

Kwa watu wa transijenda wa Panama, yaani wale ambao jinsia wanayoiishi si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, hili lilikuwa swali la kweli kuanzia tarehe 1 Aprili 2020. Chanjo ya korona haikuwepo bado. Serikali ikaamua wanawake watoke Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wanaume Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na Jumapili kila mtu akae kwake. Siku mbili baadaye Peru ikaiga, halafu tarehe 13 Aprili likafuata jiji la Bogotá, Kolombia.

Kihesabu, wazo lenyewe si baya. Ukiwapunguza watu barabarani kwa nusu, virusi vinapata nafasi chache za kuruka kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Ila virusi havijali nusu hiyo umeikataje. Medellín na Cali, palepale Kolombia, waligawa watu kwa namba za vitambulisho. Hata Panama yenyewe ilitumia tarakimu ya mwisho ya kitambulisho kupanga saa ya kutoka! Sasa kwa nini siku zigawanywe kwa jinsia? Rais wa Peru, Martín Vizcarra, alieleza kwamba ni rahisi kukagua: askari anatazama tu.

Na tatizo lilianzia hapohapo kwenye kutazama. Siku ya kwanza kabisa, Jumatano, mwanamke mmoja wa transijenda aliyekuwa akijitolea katika kituo cha afya Panama alikamatwa kwa sababu ya kitambulisho chake. Alishikiliwa kama saa 3, akatozwa faini ya dola 50. Angetoka siku ya wanaume, sura na mavazi yake vingemponza vilevile. Na kukibadilisha kitambulisho halikuwa jambo la kwenda ofisini ukajaza fomu. Sheria ya huko ilidai upasuaji kwanza. Wasiojitambua kama wanaume wala wanawake ndio kabisa: wiki nzima haikuwa na siku yao.

Peru, Vizcarra alisema polisi wameagizwa wasibague. Lakini ikasambaa video ya polisi wakiwachuchumalisha wanawake wa transijenda na kuwalazimisha kutamka kwamba wanataka kuwa wanaume. Kanuni hiyo haikumaliza hata siku 10 kule. Usidhani ilifutwa kwa ajili yao, la. Siku za wanawake masoko yalifurika, kwani wanaobeba kapu la nyumbani wengi ni wanawake, na msongamano ukawa palepale.

Bogotá walikuwa wamejifunza kidogo. Meya Claudia López, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuongoza jiji hilo, na ambaye haoni haya kusema anapenda wanawake, aliweka wazi kwamba mtu wa transijenda atoke kwa jinsia anayojitambua nayo. Kolombia pia, tangu 2015, mtu mzima anaweza kubadilisha jinsia kwenye hati zake kwa tamko mbele ya mthibitishaji, bila daktari. Mimi naona huo ulikuwa uungwana mkubwa. Lakini amri ya meya haifiki kwenye kila kaunta ya duka. Malalamiko ya kuzuiwa madukani yaliendelea, na iliripotiwa kwamba mwanamke mmoja wa transijenda alichomwa kisu na mwanamume aliyedai ametoka siku isiyo yake. Mwezi Mei jiji likaachana na mpango huo.

Panama ikaulegeza, ikaurudisha, ikaulegeza tena. Mei 2020 wizara ya usalama ilikuwa imewataka askari wake wasiwabague watu hawa. Januari 2021, maambukizi yalipopanda, mikoa ya Panamá na Panamá Oeste iligawiwa tena siku za wanawake na siku za wanaume.