Ngome za Bukini

Katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, iko bandari ya Antsiranana, ambayo zamani ilijulikana kwa jina la Diego Suarez. Ni ghuba kubwa ya maji ya kina, iliyozungukwa na nchi kavu pande zote, isipokuwa mlango mmoja mwembamba utazamao Bahari ya Hindi upande wa mashariki.

Wafaransa waliuhesabu mlango huo kuwa ufunguo wa kisiwa. Mwaka 1900 Joseph Joffre, ambaye baadaye aliongoza majeshi ya Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza, alikabidhiwa kazi ya kuiimarisha bandari hiyo. Mizinga ikapangwa katika rasi ya Orangea, midomo ikielekea baharini. Kusini mwa mji ukawekwa mstari wa mahandaki na maboma mawili.

Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani, Februari 1942, Waingereza walichelea kuwa bandari hii nayo itatekwa, na njia ya meli ziendazo Misri ikatike. Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942 wakaishambulia. Hawakuujia mlango wa mashariki; walishuka magharibi, kwenye pwani ya miamba ambayo Wafaransa waliamini kuwa haipitiki usiku. Mizinga ya Orangea ikabaki ikiitazama bahari, na adui yuko nyuma yake. Kule kusini mahandaki yalisimama imara, na mashambulio ya kwanza yakarudishwa. Ndipo usiku wa tarehe 6 manowari moja, Anthony, ikaupita ule mlango gizani na kushusha askari wapatao 50 mjini. Ulinzi ukavunjika. Hata washindi hawakusalimika, kwani tarehe 30 Mei nyambizi ndogo ya Kijapani ilipenya bandarini, ikaijeruhi manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta.

Mwezi Juni wakawasili askari wa Keya kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland, na Waislamu wakiwamo miongoni mwao. Septemba walishuka Majunga, wakaenda kwa miguu na kwa magari hadi kusini, mpaka mapatano ya Novemba yaliposimamisha vita. Upande wa Wafaransa walikuwamo Wasenegali na Wamalagasi. Hivyo Mwafrika alimwelekezea bunduki Mwafrika, katika ugomvi ambao hakuuanzisha hata mmoja wao.

Leo kambi za Orangea hazina mapaa, vichaka vimeota ndani ya kuta, na chuma cha mizinga kimeliwa na kutu. Mawe hayo yanalihifadhi jina la Joffre. Majina ya askari wa Keya hayakuandikwa juu yake. Wengi wao wamekwisha kufariki, wakaacha kwa watoto na wajukuu medali, picha, na maneno machache juu ya safari ya Bukini. Inafaa kila nyumba yenye amana hiyo iandike jina la mzee wake, kikosi chake, na aliyoyasimulia, kabla msimulizi wa mwisho hajaondoka. Ukuta wa mawe waweza kungoja miaka mia. Kumbukumbu ya mtu haingoji.