Vitamini C Tupu

"Vitamini C safi", tunayosomeshwa katika matangazo ya seramu za uso, ni tafsiri mbovu. Kinyume cha safi ni chafu, na hapa hakuna uchafu unaozungumzwa. Kinachotofautishwa ni asidi askobiki iliyo peke yake na jamaa zake waliofungamanishwa na kitu kingine ili wasiharibike upesi: askobili glukosidi iliyobeba sukari, magnesiamu askobili fosfati iliyobeba fosfati. Hao nao ni safi. Aliyechagua neno hilo alikuta neno la kigeni lenye maana mbili, akaokota iliyokuwa karibu na mguu wake.

Wapo wanakamati wa istilahi wanaoshikilia "halisi". Kwa nasaba ya neno hawakukosea, maana khalis ya Kiarabu ni kitu kisichochanganywa. Lakini neno likishahamia halirudi kwao kuomba ruhusa. Kwa Mswahili wa leo mkabala wa halisi ni bandia, kwa hiyo ukiita hii halisi umekwisha kuzitukana zile nyingine, ilhali zimeundwa ili zikiingia kwenye ngozi zigeuke kuwa askobiki ileile. Wa "asilia" ndio wenye madhara. Tangu Tadeus Reichstein aonyeshe mwaka 1933, huko Uswisi, namna ya kuiunda kutokana na glukosi, vitamini hii imekuwa kazi ya viwanda. Anayeaminishwa kwamba ni asilia atakata ndimu ajipake, na maji ya ndimu hayafikishi hata sehemu moja ya vitamini C katika elfu, wakati seramu huwa na sehemu mia au mia mbili. Kilichojaa kwenye ndimu ni asidi sitriki, pamoja na kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka. Askobiki yenyewe ni jina la ukanushaji: kinachoondoa kiseyeye. Kabla ya jina hilo, Albert Szent-Györgyi, aliyeitenga mwaka 1928, alitaka kuiita "ignose", mzaha wa kukiri kwamba hajui ni sukari gani, na mhariri wa jarida akamkatalia. Angalau yeye alikiri, jambo lisiloonekana sana katika kumbukumbu za vikao vya istilahi.

Neno tunalo, nalo ni "tupu". Wali mtupu ni wali usio na mchuzi. Maji matupu hayana hata chembe ya sukari. Nimejibiwa kwamba tupu ni kisicho na kitu, na kwamba mnunuzi atadhani anauziwa chupa isiyo na dawa. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama wenye kulitoa wangesikiliza wanavyosema wenyewe. Tupu ya chombo ni kukosa kilichomo: debe tupu, mkono mtupu. Tupu ya kilichomo ni kukosa mwenzi. Anayeambiwa "huo ni uongo mtupu" haelewi kwamba uongo umekwisha. Anaelewa kwamba ukweli haumo. Wengine wanaona haya, kwa kuwa tupu ni uchi pia, lakini sijapata kusikia mtu akiinamisha macho mbele ya sahani ya wali mtupu. Hoja nzito kidogo ni kwamba ndani ya seramu mna maji na vingine. Mna, naam, ila sifa hii inaieleza molekuli, si mchanganyiko wote. Na faida ya tupu ni kwamba inampa mwenzake jina bila kumtusi: vitamini C ambatani, kama sarufi ilivyo na nomino ambatani.

Matumizi ni mepesi: asubuhi, matone machache ya seramu ya asilimia 10 hadi 20 kwenye uso mkavu, kisha losheni ya kukinga jua, na wenye ngozi inayowashwa upesi waanzie na asilimia iliyo chini ya hapo. Chupa ikae gizani, ifungwe vizuri. Seramu ikigeuka kahawia imekwisha nguvu. Imwage, ubaki na chupa tupu, kwa maana ile nyingine.